Ndege ya Usiku wa Nisfu Shaaban

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuianza kazi, kuipenda, na kuiacha nikiwa bado nakumbuka nilichokuwa nikikifanya. Ninyi mnaobaki pale maktaba mliniomba, siku ile ya kuniaga, niandike machache kabla hayajanitoka. Sasa niko nyumbani Unguja. Sina ikama, kile kibali cha ukaazi, mfukoni, wala kafili, mdhamini wa kazi, wa kumwomba ruhusa, isipokuwa mke wangu, na yeye ameniruhusu kukaa na kalamu asubuhi tu.

Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vilikuja kwa kadiri yake, vikaliwa.

Nilifika Riyadh nikiwa kijana aliyesomea elimu ya hadithi, kisha ukutubi. Mfanyabiashara mmoja wa pale alipenda ndege za zamani kama wengine wanavyopenda farasi, akafungua maktaba yake binafsi mtaa wa Olaya, na baadaye chumba cha maonyesho chini yake. Nilidhani naenda kupanga vitabu. Siku ya kwanza nikakabidhiwa jalada la taarifa za marubani wa vita vikuu vya pili, waliopigana angani usiku, na mtu wa kunifundisha: Ustadh Bashir, Msudani mrefu aliyewahi kuongoza ndege kwao, mwenye kanzu isiyokunjamana hata akishinda kwenye kiti kutwa.

"Umesoma hadithi, yaa Khamis?" akaniuliza.

"Kidogo, Ustadh."

"Basi kazi hii unaijua. Huyu hapa anasema ameangusha ndege. Nani mwingine aliona? Walikuwa umbali gani? Alilisema usiku uleule, au baada ya kula na kupongezwa?"

Nikamwambia kwamba mashahidi wa hadithi ni watu wa dini, na hawa ni wanajeshi.

"Mtu ni mtu," akasema. "Kinachomharibu shahidi ni kilekile. Haraka, hofu, na kupenda kusifiwa."

Kwa aliye mgeni wa mambo haya, nieleze. Ndege ya kivita ya usiku ilikuwa na watu wawili, rubani na msoma rada. Rubani alishika usukani na kupiga risasi. Msoma rada alikaa nyuma yake, macho kwenye kioo kidogo chenye vidoa vya mwanga, akimwongoza kwa maneno: kushoto kidogo, panda, punguza, yuko mbele yako. Wakirudi chini walitoa dai lao. Dai lilikuwa la namna tatu: tumeiangusha, huenda tumeiangusha, tumeiharibu. Afisa alilipima, akalikubali au akalikataa. Kazi yetu sisi, miaka mingi baadaye, ilikuwa kuyachukua madai hayo na kuyalinganisha na hasara za upande wa pili, tuone nani aliangusha nini.

Mtasema, mbona rahisi? Gizani bomba la moshi la injini hutoa ndimi za moto, na rubani mchovu huapa kwamba ndege inawaka. Ndege hujitupa mawinguni ikikimbia, na aliyeifukuza hudhani imeanguka. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipata usiku mmoja ambao ndege moja ya mabomu iliangushwa na marubani watatu mbalimbali, wote wakaandikiwa ushindi, na ndege yenyewe ikarudi kwao ikatua salama. Nilicheka peke yangu. Ustadh Bashir hakucheka.

"Wale watatu hawakusema uwongo," alisema. "Waliona moto, wakasema moto. Usiandike kamwe kwamba fulani ni mwongo. Andika: halijathibiti. Kulithibitisha ni juu yako, si juu ya maiti."

Alinifundisha pia kwamba kabla ya kumsoma rubani niusome mwezi. Ulichomoza saa ngapi, ulikuwa mkubwa kiasi gani, mawingu yalikuwaje. Vyombo vyake vilikuwa lenzi yenye mpini wa mfupa, ramani za karatasi nzito, na uzi mwekundu wa kushonea aliouvuta juu ya ramani kupima masafa. Tulipoletewa kompyuta aliitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila kualikwa, akaendelea na uzi wake. Alifariki kwao, akiwa amestaafu na anaheshimiwa. Mungu amrehemu. Kila nilipotaka kuandika neno kali nilimsikia akikohoa.

Baadaye aliletwa Njeri. Mkenya, Mkristo, amesoma Kijerumani chuoni, na alijua kutafuta majalada ya Kijerumani na ya Kiitaliano kuliko yeyote tuliyewahi kuwa naye. Wiki ya kwanza aliniambia, "Mzee Khamis, mimi sijui ndege hata moja. Najua tu ile iliyonileta hapa, na hata hiyo nilikuwa nimelala." Nikajua tutaelewana. Tulifanya kazi pamoja kwa amani. Ramadhani alikunywa chai yake nyuma ya kabati, na Krismasi nilimpelekea halua aliyoituma mke wangu. Alikuwa na tabia moja ambayo Ustadh Bashir angeipenda: hakuona haya kuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka wangu wa mwisho, bosi, mwenye maktaba, aliamua kukipanga upya chumba cha maonyesho. Alitaka ubao mmoja uwaeleze wageni kwamba madai ya vitani si ya kuaminika yote, na uwe na mfano. Mtu wa kubuni mbao za maonyesho, kijana mwerevu aliyeletwa kwa mkataba mfupi, alichagua mfano kutoka kwenye majalada yetu: wawili waliorusha ndege ya usiku kutoka Misri, wakadai kuiangusha ndege ya mabomu ya Wajerumani karibu na pwani, Jumanne usiku, na dai lao likakataliwa. Mabaki yalionekana kweli ziwani, kwenye matete karibu na kijiji, lakini afisa aliyewauliza wanakijiji aliandika kwamba ndege ilianguka usiku wa pili yake, Jumatano, usiku ambao mizinga ya bandarini ilipiga sana. Wapiga mizinga wakapewa ushindi. Ubao ulikuwa na kichwa cha maneno kwa herufi kubwa: Ushindi Ambao Haukuwapo. Chini yake, picha ya wale wawili wakitabasamu.

Rubani alikufa vitani miezi michache baadaye. Msoma rada aliishi, akazeeka, akafa nyumbani kwao Uingereza, na alikuwa na binti. Huyo binti, naye sasa bibi wa miaka themanini na zaidi, ndiye tuliyempigia simu kuomba ruhusa ya picha. Njeri ndiye aliyeongea naye, simu ikiwa mezani wazi ili nami nisikie.

Bibi yule alisomewa maneno ya ubao. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo maisha yake yote, kwamba baba yake alichekwa na wenzake mpaka akaomba uhamisho. Hakuwahi kupanda ndege tena, hata ya abiria. Mara moja tu, binti akiwa msichana, alimwambia: niliiona, haikuwa kwenye kioo tu, niliinua kichwa nikaiona inaanguka.

"Siwaombi mseme alikuwa na haki," bibi akasema. "Naomba mtazame kabla ya kuandika. Mimi ni mzee. Nikienda, hakutakuwa na mtu mwingine wa kuwauliza."

Nilimwendea bosi. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kama nina ushahidi mpya. Nikasema sina. Akasema ubao unakwenda kwa mpiga chapa mwanzo wa wiki ijayo. "Ukipata kitu, yaa Sheikh Khamis, nitafute hata nikiwa kwenye ndege. Usipopata, halas, yamekwisha."

Tukalifungua jalada lote upya, Njeri na mimi. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa siku. Mahali palepale, urefu uleule angani, hata upande iliodondokea. Lakini wale wawili walisema Jumanne, na wanakijiji, kwa mujibu wa afisa, walisema Jumatano, na Jumatano ile ndege yao ilikuwa kwa mafundi. Watu hawawezi kuangusha ndege wakiwa wamelala. Siku mbili zilipita hivyo. Nilikwishaanza kuyatafuta maneno laini ya kumwambia yule bibi.

Alasiri ya siku ya tatu nilifunga lenzi na kuvaa kofia mapema kuliko kawaida.

"Mzee leo unatoroka?" Njeri akasema.

"Leo ni Nisfu Shaaban, binti yangu. Kwetu tunaukesha usiku wake kwa Yasini na dua. Hapa wengi hawaufanyi, nami sigombani na mtu. Nafanya chumbani kwangu."

"Nisfu ni nini?"

"Nusu. Mwezi kumi na tano wa Shaaban."

Akaitazama kalenda ya mezani, ile yenye tarehe za pande zote mbili. "Lakini leo ni kumi na nne. Kumi na tano ni kesho."

"Leo ni kumi na nne mpaka magharibi. Jua likizama ni kumi na tano. Kwetu usiku hutangulia mchana wake, huoni Ramadhani tunaanza kwa tarawehe kabla hatujafunga siku hata moja?"

"Kwa hivyo usiku wa kumi na tano ni kabla ya siku ya kumi na tano."

"Tangu dunia iumbwe."

Njeri akaiacha kalenda. Akalivuta jalada, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole. "Mzee, hebu soma hapa tena. Afisa anasema wanakijiji walikuwa msikitini. Anasema ilikuwa usiku wa Nisfu Shaaban. Halafu yeye mwenyewe ndiye anaandika: yaani Jumatano usiku."

Nikakaa, na kofia kichwani.

Mambo yalikuwa wazi kama maji. Afisa yule aliambiwa usiku wa kumi na tano. Akafungua jedwali la kubadilisha tarehe, akakuta kumi na tano Shaaban ni Jumatano, akaandika Jumatano usiku. Kwake yeye usiku hufuata mchana. Wanakijiji walimaanisha usiku wa kuamkia Jumatano, yaani Jumanne baada ya magharibi. Maneno yale nilikuwa nimeyasoma mara nyingi. Kitu unachokiishi kila mwaka hukioni kwenye karatasi, kama usivyoiona pua yako.

"Si tumempata?" Njeri akasema. "Tumpigie bibi."

"Bado."

"Mzee, jamani."

"Jedwali halitazami angani. Kijijini walifuata mwezi kwa macho. Kama waliuona siku moja baada ya jedwali, basi kumi na tano yao ni Alhamisi, na usiku wake ni Jumatano, na afisa amepatia bila kujua. Hatuwezi kumpa yule bibi furaha halafu tukamnyang'anya. Tunahitaji mtu atakayetuambia siku yenyewe ya wiki."

"Mtu wa miaka yote hiyo tutamtoa wapi?"

"Tutauliza."

Na kuuliza ni kazi, vijana wangu, msidhani kila kitu kiko kwenye mtambo. Ghorofa ya chini yetu kulikuwa na mhandisi Mmisri wa mkoa uleule wa kijiji kile. Wamisri wakiwa ugenini wanajuana kwa vijiji. Siku iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, nikamtajia jina la kijiji, akatabasamu. "Shangazi yangu ameolewa pale. Na Jeddah, mtaa wa Safa, yuko mzee wa pale pale, Haji Mitwalli, anaishi na mwanawe daktari. Kapita tisini, lakini ukimpunja karanga moja atajua."

Kesho yake nilikuwa kwenye ndege ya kwenda Jeddah, nikisoma dua ya safari na kujikumbusha somo la Ustadh Bashir: usimtilie shahidi jibu mdomoni.

Haji Mitwalli alinipokea kwenye sebule yenye baridi kali ya mashine, amejifunika blanketi magotini. Mwanawe alitukaribisha chai, akatuacha. Tulisalimiana kwa kirefu, akaniuliza kwetu, nikamwambia Zanzibar, akauliza kama karafuu bado zinanukia bandarini, maana nani hajui karafuu. Ndipo nikasema, "Haji, nasikia utotoni kwenu ilianguka ndege. Nisimulie unavyokumbuka."

Sikusema siku. Sikusema Shaaban.

"Nilikuwa na miaka minane au tisa," akaanza. "Baba alinipeleka msikitini, usiku wa Nisfu Shaaban. Mwezi ulikuwa mwangavu hata unaona mabua shambani. Tukatoka baada ya dua."

"Mlisikia nini?"

"Ndege. Si moja. Moja nzito, nyingine nyuma yake nyembamba ya sauti. Halafu mlio kama mtu anapasua kitambaa. Halafu moto."

"Na kabla ya hapo?"

"Kimya. Hiyo ndiyo sababu tulizisikia."

"Mizinga?"

"Mizinga ililia kesho yake usiku, mama akanificha chini ya kitanda. Usiku ule, mafish, hakuna kitu. Vyura tu."

Nikanywa chai kwanza. Nikauliza kama alikwenda kuitazama ndege asubuhi.

Akakasirika, hasira ya mtoto ambayo haijapoa. "Wenzangu wote walikwenda. Mimi nilikokotwa na baba kumpeleka nyati sokoni. Nililia njia nzima. Akaniambia ndege itakuwapo kesho, mnunuzi hatakuwapo."

"Soko lenu lilikuwa siku gani, Haji?"

"Ni siku gani! Jumatano. Jumatano tangu babu wa babu yangu. Wewe nani asiyejua soko letu?"

"Mgeni, Haji. Unisamehe."

"Nimekusamehe. Kula tende."

Tulizungumza mpaka akachoka, na mengine aliyoniambia nitayasema mbele. Nilimpigia Njeri nikiwa bado barazani kwao, viatu mkononi. Yeye alikuwa amekwenda kwa yule mhandisi, na mhandisi amempigia shangazi yake kijijini, amemuuliza siku ya soko bila kumwambia kwa nini. Jumatano. Mashahidi wawili, hawajaonana miaka mingi, hakuna aliyejua tunatafuta nini. Kesho yake ilikuwa Jumatano, basi usiku wenyewe ulikuwa wa Jumanne, kama walivyosema wale wawili siku ile ile waliposhuka.

"Na wale wa mizinga, tuwaambie nini?" Njeri akauliza.

"Wale walikuwa wengi. Watagawana majonzi."

Bosi, nisimdhulumu, aliusimamisha ubao siku hiyohiyo. Tulimpigia simu bibi pamoja. Njeri aliniachia nimwambie mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha vitabuni.

Nilimweleza taratibu: msikiti, mwezi, soko, sauti mbili za ndege. Nikamwambia, "Baba yako alisema alichokiona. Na mtoto aliyekuwa chini alikiona hichohicho."

Hakulia, kama nilivyokuwa nikiogopa. Nikamsikia anamwambia mtu nyumbani kwake azime redio. Kisha akauliza jambo ambalo katika miaka yangu yote hakuna jamaa wa rubani aliyewahi kuniuliza.

"Na waliokuwa ndani yake?"

Nikamwambia hatujui. Mabaki yaliyohesabiwa kuwa ya Jumatano hayakulingana na ndege yoyote ya Wajerumani iliyopotea Jumatano, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwatia jina.

"Basi watafuteni," akasema. "Sitaki jina la baba yangu lipande ubaoni peke yake. Amesubiri muda wote huo, atasubiri kidogo tena."

Bosi alinung'unika kwamba ubao ni mdogo. Nikamwambia apunguze picha.

Siku tuliyoirekebisha ilifungua mlango ambao siku isiyo sahihi iliufunga. Njeri alizitafuta hasara za Wajerumani za Jumanne ile, na ndege ilikuwapo: haikurudi, watu wanne, hawakujulikana walikoishia. Kwao waliandikwa wamepotelea baharini. Ilichukua wiki nyingi, barua pepe nyingi na maofisi yasiyojibu, na mimi tayari nilikuwa nafunga masanduku yangu, lakini alimpata mpwa wa mmoja wao, mzee anayekaa mji mdogo huko kwao. Alimpigia simu asubuhi moja nikiwepo. Sielewi Kijerumani, ila naelewa mtu anapoongea na aliyefiwa. Njeri alisema polepole, akangoja, akasema tena.

Baadaye akafunika simu kwa kiganja. "Mzee, anasema nyanya yake alikuwa akitupa maua baharini kila mwaka. Anauliza walizikwa, au waliachwa tu? Niseme ukweli gani?"

Hilo Haji Mitwalli alikuwa ameniambia, akinishika mkono nisiondoke kabla hajamaliza. Wanaume ambao hawakwenda sokoni waliingia ziwani mpaka kifuani wakawatoa wote wanne. Walikuwa wamefunga, kwa kuwa ilikuwa siku ya Nisfu Shaaban, na jua lilikuwa kali. Waliwachimbia kaburi mahali pakavu, juu ya maji, na shuka waliyowafunikia ilitoka nyumba ya imamu.

"Mwambie walizikwa," nikasema. "Mwambie waliowachimbia walikuwa na kiu, na hawakunywa mpaka jua lilipozama."

Njeri akayasema hayo kwa Kijerumani.  Kisha yule mzee akaomba atajiwe jina la kijiji, herufi moja moja, na Njeri akawa anamtajia, naye anairudia kila moja kabla ya kuandika inayofuata.